Siku Mama Alipoingia Sebuleni

“Nitaingia mara moja tu,” Mama Paskalina alisema wakiwa bado ng'ambo ya barabara. “Nikitoka pale nikasema hapana, jina la huyo kijana usinitajie tena. Tumeelewana?”

“Tumeelewana, mama.”

Aneth alijibu haraka, asije akabadili mawazo. Lakini moyoni alijua ameahidi jambo asiloliweza. Hilo jina angeachaje kulitaja? Lilikuwa mdomoni mwake asubuhi na jioni, kiasi kwamba mwenzake wa duka la dawa alimcheka, akamwambia iko siku atamwandikia mteja dozi ya Eustace, kutwa mara tatu baada ya chakula.

Ilikuwa Jumapili, misa imekwisha, jua la Geita limesimama utosini na bodaboda zimejipanga kivulini zikingoja watu wa kanisani. Mama Paskalina alikuwa amevaa kitenge chake kizuri, na juu yake amejitanda khanga kama mtu anayekwenda msibani. Aneth aliiona ile khanga akaelewa. Mama yake hakuwa anakwenda kula. Alikuwa anakwenda kutoa hukumu.

Na tusimlaumu. Jengo lile lenye rangi mpya ya krimu na kijani, lenye maandishi makubwa ya SEBULENI juu ya geti, zamani liliitwa Kifusini, na hapakuwa na mwanamke wa mtaa ule aliyelitaja bila kusonya. Wachimbaji waliopata dhahabu walikuja kunywa kwa furaha. Waliokosa walikuja kunywa kwa hasira. Gregory, mume wa Mama Paskalina, alikunywa kwa sababu zote mbili, kwa zamu. Mwisho wa yote aliondoka na mhudumu wa pale, wakaenda kuishi Kahama, akamwachia mkewe nyumba ya kupanga, beseni la dagaa wa Nkome na binti aliyekuwa bado anavaa sare za shule. Mama Paskalina alimsomesha yule binti kwa dagaa wale wale. Hakulia mbele ya watu hata siku moja, ila baa hakuisamehe.

Sasa fikiria mwanamke kama huyo anaambiwa na bintiye, akiwa ameinama anachagua dagaa, kwamba amepata mchumba.

“Jina lake nani?” aliuliza siku ile, uso umechangamka.

“Eustace, mama. Kwao Kamachumu.”

“Mhaya!” Mama alicheka. “Haya, utajifunza kula ndizi. Anafanya kazi gani?”

“Ni mpishi. Alikuwa mpishi kwenye kambi ya mgodi. Sasa ana mgahawa wake.”

“Mgahawa uko wapi?”

Aneth aliokota dagaa mmoja, akamrudisha kwenye ungo. “Pale ilipokuwa Kifusini.”

Mama Paskalina aliweka ungo chini. “Ile baa imeshanila mume,” alisema. “Haitanila na binti.” Kuanzia siku hiyo nyumba yao ikawa na ukimya ambao hata majirani waliusikia. Aneth alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Alisema pamebadilika, pana mwenye mali mpya, watu wanakwenda na watoto wao. Mama hakujibu neno mpaka wiki ile, alipochoka kubembelezwa akasema basi, atakwenda aone kwa macho yake.

Ndiyo maana Aneth, akivuka barabara nyuma ya mama yake, alikuwa anaomba kimoyomoyo kila ombi alilofundishwa tangu kipaimara.

Walipokelewa getini na mwanamke wa makamo mwenye sare safi na kilemba. “Shikamoo, mama. Karibuni sana. Naitwa Suzana. Mngependa kukaa ndani au huku nje penye kivuli?”

“Marahaba. Huku huku nje,” alisema Mama Paskalina, akimkagua Suzana kuanzia kilemba hadi kandambili. “Wewe ndiye mhudumu wa hapa?”

“Ndiyo, mama. Tuko watatu, sote tuna wajukuu.” Suzana alicheka mwenyewe kwa aliyosema. “Mwenye mgahawa alitutafuta watu wazima makusudi.”

Mama Paskalina hakucheka, ila Aneth aliona nyusi zake zimepanda kidogo.

Wakakaa. Mama akaanza kutazama. Kulikuwa na familia karibu kila meza. Baba mmoja mwenye buti za mgodini alikuwa anamchambulia mtoto miiba ya samaki kwa uangalifu wa fundi saa, bia yake iko pembeni imesahauliwa. Mabinti wawili waliovaa gauni za kanisani walikuwa wanagombania bembea. Bomba la kunawia lilikuwa na sabuni, na sabuni yenyewe haikufungwa kamba. Moshi wa nyama ulipita juu ya vichwa ukiwa na harufu ya kumfanya mtu aliyefunga kwaresima atubu mapema.

“Pale kwenye bembea,” Mama Paskalina alisema ghafla, “ndipo palikuwa na meza ya baba yako.”

Aneth aligeuka kupatazama. “Ulipajuaje, mama?”

“Nilimfuata. Mara ngapi nimesimama pale getini miguu peku, na wewe mgongoni, nikimwita? Walikuwa wananicheka.” Aliangalia wale mabinti wa bembea kwa muda. “Haya. Huyo mwenye mgahawa yuko wapi? Nimekuja kumwona yeye, sikuja kuona bembea.”

“Atakuja, mama. Anajua tuko hapa.”

Lakini Eustace hakuja. Alikuja Suzana na juisi ya ukwaju. Akaondoka, akarudi na sato mzima wa kukaanga, amepigwa mistari, juu yake vitunguu na nyanya. Akarudi tena na ugali, mchicha wa karanga, ndizi za kuchoma, kachumbari. Hakuna aliyekuwa ameagiza kitu.

“Mwenyewe kasema hivi ni vya mama,” Suzana alisema, akipanga sahani.

“Na yeye mwenyewe yuko wapi?”

Suzana aliangalia jikoni, akaangalia chini. “Yupo, mama. Ila... ametingwa kidogo.”

“Ametingwa.” Mama Paskalina alirudia lile neno taratibu. Hakunawa. Hakugusa hata kijiko. Alikunja mikono juu ya pochi yake, akakaa wima. “Aneth, mwanangu. Mimi nimetoka kwangu na miguu yangu, nimeingia mahali nilipoapa sitaingia. Mwanaume anayetaka kunichukulia mtoto wangu wa pekee ametingwa. Hawezi hata kuja kuniambia shikamoo.”

“Mama, ngoja nikamwite.”

“Usimwite. Mtu mwenye adabu haitwi.”

“Mama, tafadhali. Usiinuke. Nakuomba, usiinuke.”

Akaondoka mbio kuelekea jikoni, visigino vikimgeuka kwenye kokoto. Eustace alikuwa ametingwa na nini kilichozidi hili? Wiki nzima alikuwa anasema Jumapili, Jumapili. Jana tu alimpigia kumwuliza kama mama anapenda pilipili. Leo amejificha. Mawazo mabaya yakaanza kumjia Aneth mfululizo. Labda ameogopa. Labda amebadili nia. Hata baba yake alianza hivi hivi, kwa kutokuwepo.

Alimkuta nyuma ya friji la soda, ameketi juu ya kreti, aproni kifuani na kitaulo begani, jasho linamtiririka. Mwanaume mrefu vile, mabega kama mlango, amejikunja kama mtu anayecheza kombolela.

“Eustace!”

“Shh! Anakuona?” alinong'ona.

“Nani anione? Unafanya nini hapa? Mama anakungoja!”

“Nipo kwenye heshima.”

“Heshima gani ya nyuma ya friji?”

Eustace alimtazama. Aneth aliyajua yale macho. Ndiyo yaliyomjia siku ya kwanza dukani, mkono umeungua mafuta, yakaomba dawa ya kupaka. Ndiyo yaliyorudi kesho yake kuomba dawa ile ile, na keshokutwa, mkono ukiwa umepona kabisa. Siku zote yalikuwa na utani ndani yake. Leo yalikuwa na hofu tupu, na Aneth, pamoja na hasira zake zote, alitamani kuyabusu.

“Aneth, sikiliza,” alisema. “Mimi siyo Msukuma. Sikutaka kumkosea mama. Nikamwuliza mzee Masalu, nifanyeje mama mkwe wa Kisukuma akija. Akanifundisha. Nisimwangalie usoni. Nisimpe mkono. Nisisimame anapokula. Tukikutana njiani, mimi ndiye nitoke njiani nimpe mgongo. Nimpikie, nimpelekee kwa mkono wa mtu mwingine, basi.”

Aneth aligeuka. Mzee Masalu, mchoma nyama, alikuwa amesimama kwenye jiko la mkaa akigeuza mishkaki kama mtu asiyesikia.

“Mzee Masalu! Umemfundisha nini huyu?”

“Nimemfundisha mila,” alisema Masalu bila kugeuka. “Mama mkwe wangu mimi, uso wake nimekuja kuujua mtoto wangu wa pili anatembea. Na tulikaa kijiji kimoja.”

“Mbona mimi ni Msukuma na sijui hayo?”

“Wewe ni Msukuma wa lami, mjukuu wangu. Sisi tunasema habari za Kishapu.”

Aneth alishika kichwa. Angecheka kama asingekuwa karibu kulia. “Eustace, mama yangu amekaa mjini miaka yote hii. Anakusubiri umsalimie kama watu wanavyosalimiana. Anaona una maringo. Anaona Mhaya amemdharau. Chakula hajakigusa!”

Hapo Eustace alisimama, kreti likaanguka. “Hajagusa sato?”

“Sato! Unaniuliza habari za sato!” Akamshika aproni. “Nimemwahidi akiondoka hapa na hapana, sitalitaja jina lako tena. Unaelewa? Sitakuja. Sitapokea simu. Nimemwahidi mama yangu, na ahadi ya mama siwezi kuivunja. Aliachwa mara moja na mtu wa baa hii. Sitamwacha na mimi.”

Machozi yaliyokuwa yanamlengalenga Aneth yakaanza kushuka, naye akaacha yashuke.

“Usilie,” alisema Eustace kwa sauti ndogo. “Nilidhani nafanya vizuri. Nimelala nikiyarudia masharti ya mzee Masalu kama mwanafunzi. Nilitaka aone kwamba nimeshamfanya mama yangu hata kabla hajanikubali.” Akafungua kamba za aproni. “Nakwenda. Nikikosea mila nitaomba msamaha. Bora anitukane usoni kuliko wewe usinitaje.”

“Nenda. Haraka. Jifute jasho.”

Alijifuta kwa kitaulo, akaishika sinia tupu iliyokuwa karibu, labda ili mikono ipate kazi, akatoka kwa mlango wa nyuma kuingia kwenye kichochoro kinachounganisha jiko na vyoo. Aneth akamfuata.

Mama Paskalina hakuwa ameinuka kuondoka. Alikuwa ameinuka kwenda msalani, maana ile juisi tu ndiyo aliyoinywa, na ukwaju ni ukwaju. Kichochoro kile ni chembamba, hupitwa na mtu mmoja kwa raha na wawili kwa shida, na katikati yake ndipo mama na kijana walipokutana, ana kwa ana, hatua chache baina yao.

Wazo la kusalimia lilimtoka Eustace kichwani lote. Kilichobaki ni somo la mzee Masalu. Akaruka pembeni, akageukia ukuta, akajibanza kwenye matofali na ile sinia ameikinga usoni kama ngao. Akabaki hivyo.

Aneth alifumba macho. Alijua sasa yamekwisha.

Lakini hakusikia msonyo wala hatua za kuondoka. Alipofumbua macho, aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona maishani mwake. Mama yake naye alikuwa amegeuka. Amempa ukuta wa pili uso, khanga ameivuta juu ya kichwa ikafunika hadi kidevuni, na mkono mmoja ameushika ukuta kama mtu anayesubiri ng'ombe wapite. Watu wazima wawili wamesimama kwenye kichochoro cha choo, kila mmoja anaangalia matofali yake, na hakuna anayepumua.

Jikoni, mzee Masalu alichungulia. Aliona, akaweka mkono mdomoni.

“Mama?” Aneth alinong'ona. “Mama, una nini?”

Khanga ilitikisika. Aneth alidhani mama analia. Akasogea, akamshika bega, ndipo akasikia kwamba anacheka. Alikuwa anacheka kwa ndani, kile kicheko kinachouma mbavu, na alikuwa anajaribu kukizuia bila mafanikio.

“Nani kamfundisha huyu?” aliuliza chini ya khanga.

“Mimi, mayu,” alijibu Masalu kutoka mlangoni kwa heshima kubwa, kama anayemwita mama, kisha akamsalimu Kisukuma. “Mwadila.”

“Mwadila, baba. Wa wapi?”

“Kishapu.”

“Mimi wa Solwa.” Mama Paskalina alivuta pumzi, akajipangusa macho kwa pindo la khanga, lakini hakugeuka. “Aneth. Simama hapo katikati. Mwulize huyo mtu, yeye ndiye mwenye mgahawa?”

“Mama, si yuko hapo, anakusikia.”

“Sizungumzi naye. Nazungumza na wewe. Mwulize.”

Aneth aliwatazama, huku mgongo wa kitenge, huku mgongo wa shati. “Eustace, mama anauliza kama wewe ndiye mwenye mgahawa.”

“Mwambie mama ndiyo,” ilisema sinia. “Mwambie shikamoo.”

“Anasema ndiyo. Anasema shikamoo.”

“Marahaba. Mwulize, anakunywa pombe?”

Aneth alimwangalia Eustace kisogoni kama vile angeweza kumpa jibu kwa macho. Sema hunywi, alimsihi kimoyomoyo. Sema hunywi, yaishe.

“Mwambie mama nakunywa,” alisema Eustace. “Tukishafunga Jumamosi nakunywa chupa moja. Akija mgeni, mbili. Sijawahi kulewa mbele ya mfanyakazi wangu, ila kunywa nakunywa.”

Mzee Masalu alikohoa kwa fadhaa. Kwa nje watoto walikuwa wanapiga kelele za bembea.

“Gregory miaka yote aliniambia hanywi,” alisema Mama Paskalina polepole. Kicheko kilikuwa kimekwisha sautini. “Alikuwa ananiambia hanywi huku ameshikilia mlango asianguke. Mimi siogopi chupa, Aneth. Nilichokiogopa ni kulala na mtu ambaye sijui anachofanya mchana.” Akaivuta khanga sawasawa. “Mwulize, Geita yote hii na majengo yake, kwa nini alinunua hapa?”

Sauti ya Eustace ilitoka kama ya mtu anayeongea kanisani.

“Mwambie mama, kambini nilipika miaka mingi. Niliwaona wanaume wanakula wamesimama, hakuna anayemwuliza mwenzake watoto hawajambo. Wakipata mapumziko hawana pa kwenda na mke. Ni baa au ni kitandani. Nikasema nitafungua mahali mwanaume anakaa na mke wake na wanawe, na kama anataka bia yake, ainywe wanamwona. Hapa watu walikuwa wameshazoea kuja. Nilitaka waendelee kuja, ila wasije peke yao.” Akavuta pumzi. “Habari za baba Aneth sikuzijua. Ningezijua ningetafuta kwingine. Mwambie mama anisamehe.”

Aneth alimgusa tu mama yake mgongoni.

“Nimesikia,” alisema Mama Paskalina.

“Mama, ulisema huzungumzi naye.”

“Sizungumzi naye. Masikio nimepewa ya bure.” Mkono wake ulioshika ukuta ulilegea. “Mwambie hakuwa na haja ya kutafuta kwingine. Hapa ni pazuri. Kama pangekuwa hivi zamani, na mimi ningekuwa nakuja na mume wangu Jumapili, nimevaa viatu.”

Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayetua mzigo aliouzoea. Aneth alimkumbatia kwa nyuma, shavu likalala juu ya khanga. Mama alikuwa mwepesi kuliko alivyomkumbuka.

“Nilikuja na neno langu tayari,” aliendelea Mama Paskalina. “Njia nzima toka kanisani nalipanga. Hata padri alipokuwa anahubiri nilikuwa nalipanga, Mungu anisamehe. Nikatoka mezani nikisema nikirudi kutoka msalani nabeba pochi yangu naondoka. Halafu huyu akanipa mgongo. Na mimi, kabla sijawaza, nikajifunika.” Akatikisa kichwa. “Sijamfunikia mwanaume uso tangu nitoke Solwa. Mwanamke hajifuniki kwa mtu baki, Aneth. Mtu baki unampita tu, au unamwambia pisha. Anayefunikiwa uso ni mkwilima. Mwili wangu umemwita mkwe kabla yangu. Sasa nitauambia nini?”

Aneth alizidi kumkumbatia, neno lile lisije likabadilika njiani.

“Mwambie alete watu wake.”

Sinia iliteleza mikononi mwa Eustace, ikagonga sakafu ya saruji, ikazunguka na kupiga kelele mpaka meza za mbele zikageuka. Hakuinama kuiokota. Paji la uso wake lilikuwa limelala kwenye tofali.

“Amesikia,” alisema mzee Masalu, akijifuta jicho kwa mkono uleule wa makaa, akajipaka weusi mpaka sikioni.

“Na mwambie,” alisema Mama Paskalina, akianza kutembea ubavu ubavu kuelekea msalani, uso bado ukutani, “hayo masharti ya Kishapu ayapunguze. Watu wake wakija ataniangalia kama watu wengine. Siwezi kuishi na mkwe nisiyejua sura yake. Ila leo asitoke jikoni mpaka nimalize kula. Yule samaki ameshaanza kupoa.”

Mlango wa choo ulifungwa. Kichochoro kikawa cha wao wawili, maana mzee Masalu alikumbuka ghafla kwamba ana mishkaki jikoni.

“Ameingia?” aliuliza Eustace.

“Ameingia.”

“Naweza kugeuka?”

“Geuka.”

Aligeuka. Uso wote ulikuwa umeloa, huwezi kujua jasho ni lipi na machozi ni yapi, na vumbi la tofali limemchora mstari mwekundu kwenye paji. Aneth aliufuta ule mstari kwa kidole gumba, taratibu, na kidole kikabaki pale kwa muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji. Alikuwa anamwangalia kama mtu aliyekuwa amepoteza kitu sokoni akakikuta bado kiko pale pale. Eustace alimshika mkono, akaupeleka kifuani.

“Nilisema ukweli wa bia,” alinong'ona. “Nikaona nimeharibu.”

“Na mimi niliona umeharibu.”

“Ungeshika ahadi yako kweli? Usingenitaja?”

“Ningeishika,” alisema Aneth. “Ningekufa nayo, lakini ningeishika.”

Eustace alitikisa kichwa, akamwangalia kwa heshima ambayo hakuwa nayo asubuhi. Kisha akatoa simu mfukoni. “Ngoja nimwambie shangazi Kamachumu. Yeye ndiye aliyebaki wa kunisimamia.” Lakini alibonyeza hapa na pale, akakosea, ikabidi Aneth amshikie simu na kuitafuta namba mwenyewe. Simu ikaita. Upande wa pili mwanamke mzee aliitika kwa sauti ya juu, kama watu wanaodhani umbali unashindwa kwa kelele.

“Shangazi,” alisema Eustace. Akajaribu tena. “Shangazi...” Akampa Aneth simu, akageukia tena ukuta wake.

Aneth aliiweka sikioni. Alikuwa hajawahi kuzungumza na mama huyu.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba! Nani mwenzangu? Kuna nini? Huyu mtoto ana nini, anaumwa?”

“Hapana, shangazi, haumwi. Mimi naitwa Aneth, nakupigia kutoka Geita.” Kupitia mlango wa jikoni aliwaona watoto wa bembea, na Suzana akiupepea ugali kwa sahani ili nzi wasitue. “Mama yangu amekubali,” alisema, na ndipo mwenyewe aliposikia alichosema, akaketi pale pale juu ya saruji, akalia kwa raha, huku shangazi upande wa pili ameshaanza kupiga vigelegele.